Grili ipi ikuchomee nyama? Achana na wati, uliza joto linapita wapi

Ukienda dukani kutafuta kifaa cha kuchomea nyama nyumbani, utaonyeshwa wati, vitufe na picha ya kuku anayeng'aa kwenye boksi. Sawa, lakini swali la maana halijajibiwa: joto litaifikiaje nyama yako? Tukilijibu hilo, sifa nyingi za kwenye boksi zinapukutika zenyewe.

Ile rangi ya kahawia na harufu inayomfanya jirani achungulie inatokana na mmenyuko aliouelezea mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912: asidi amino na sukari zikikutana kwenye joto kali. Mmenyuko huu unashika kasi kwenye nyuzi 140 hivi za Selsiasi. Maji, kama unavyojua, yanachemka kwenye 100. Kwa hiyo nyama iliyolowa juu haibadiliki rangi, kwanza inachemka. Kifaa kizuri ni kile kinachokausha uso wa nyama kabla ndani hakujakauka. Tuvipime kwa kigezo hicho.

Jiko la mkaa. Makaa mekundu yanapeleka joto kwa mnururisho, moja kwa moja, bila kusubiri hewa ipate moto. Kwa ladha, halina mpinzani, maana mafuta yanayodondoka kwenye makaa yanarudi juu kama moshi. Lakini moshi huohuo unabeba kemikali zinazohusishwa na saratani, na mkaa unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua. Kufungua dirisha hakutoshi. Kama huna uwanja au baraza iliyo wazi, jiko hili si lako, hata liwe la bei rahisi vipi.

Grili ya oveni. Hili ni jiko la mkaa lililopinduliwa: koili inawaka juu, nyama iko chini. Mafuta yanadondoka mbali na moto, hivyo moshi unapungua, na ladha ya moshi nayo inapotea. Watu wengi wanaiweka nyama katikati ya oveni halafu wanalalamika haichomeki. Isogeze karibu na koili.

Kikaangio cha hewa. Jina linadanganya. Hakikaangi, ni oveni ndogo yenye feni kali. Hewa hubeba joto kidogo, ila ikienda kasi inaondoa unyevu juu ya nyama, ndiyo maana ngozi ya kuku inatoka kavu na inalia mdomoni. Sasa jaza kikapu mpaka juu uone: mvuke unakosa pa kutokea, na umepata kuku wa kuchemsha. Kwa watu wawili ni kizuri. Familia ya watu saba itakula kwa zamu.

Grili ya kubana. Sahani mbili za chuma zinaigusa nyama juu na chini. Joto linaingia pande zote mbili, kwa hiyo safari ya kufika katikati inakuwa nusu. Kwa steki nyembamba ni haraka kweli. Kwa paja lenye mfupa, sahani hazigusi vizuri. Na lile tangazo la "inaondoa mafuta"? Inaondoa yaliyoyeyuka na kutoka. Yaliyobaki ndani ya nyama utayala.

Kuhusu umeme, hesabu si ngumu. Kifaa cha wati 1,500 kikiwaka mfululizo dakika 20 kinakula nusu uniti. Oveni ya wati 2,000 kwa dakika 45, uniti moja na nusu. Wati nyingi peke yake hazikuambii bili. Muda nao unahesabika.

Uamuzi wangu? Mwenye uwanja, mkaa. Mpangaji wa ghorofani anayependa kuku, kikaangio cha hewa. Mpenzi wa steki, grili ya kubana. Oveni kama tayari unayo, basi itumie vizuri.

Ila hakuna hata kimoja kinachojua kama nyama imeiva. Rangi nayo si ushahidi: nyama ya kusaga inaweza kuwa kahawia kabla haijafika joto la kuua bakteria. Kuku anahitaji nyuzi 74 katikati, nyama ya ng'ombe ya kusaga 71. Kwa hiyo kabla hujaongeza hela upate grili yenye vitufe vingi, nunua kipimajoto cha kuchomeka kwenye nyama. Kinafanya kazi na vyote vinne, na ndicho pekee kitakachokuambia ukweli.