Injini Iliyofichwa Bandani: Uhakiki wa Visakale vya Magari Yaliyopotea

Makala hii imezaliwa na kosa. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, alipotakiwa kukusanya hadithi kumi za fasihi simulizi, alileta tisa za fisi, sungura na mazimwi, na ya kumi akaitoa gerejini: habari ya gari la mashindano ya Safari ambalo yasemekana lilifukiwa shambani na mwenyewe ili wageni wasije wakalinunua. Msahihishaji alizipa zile tisa alama zake, na pembeni mwa ile ya kumi akaandika neno moja tu: "porojo". Msahihishaji huyo ni mimi.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kama nilitenda haki. Swali lenyewe linanichoma zaidi kwa kuwa nilipokuwa Marekani kusomea shahada ya pili, nilikaa jioni nyingi katika gereji moja ya mjini nikisikiliza hadithi za namna hiyo hiyo, na kule sikuziita porojo. Niliziandika daftarini kama mtafiti. Yaelekea hadithi ya fundi wa Kimarekani ilikuwa fasihi kwa sababu nilisafiri kuifuata, na ya fundi wa hapa kwetu ilikuwa upuuzi kwa sababu naisikia kila nipelekapo gari kubadilishwa breki. Katika kurasa hizi nitazihakiki kwanza zile za ugenini, kisha nirejee kwenye hadithi ya kumi.

Ni lazima msomaji ajue magari yenyewe. Mnamo 1964 kampuni ya Pontiac ilichukua gari la kiasi, la bei ambayo kijana mwenye kazi aliweza kuimudu, ikalitia injini kubwa ya lita zaidi ya sita na kuliita GTO. Viwanda vingine vikafuata, na Wamarekani wakayapa magari hayo jina la misuli. Enzi hiyo haikuzidi miaka kumi. Malipo ya bima yalipanda, sheria ya hewa safi ya 1970 ikabana moshi, na mafuta yalipoadimika mwaka 1973 mchezo ukaisha. Muda mfupi namna hiyo ni rutuba kwa kisakale, maana waliouona ujana huo wangali hai kuusimulia, na vitu vyenyewe vimekwisha kuliwa na kutu.

Kiini cha hadithi hakibadiliki sana. Kuna gari. Limo bandani kwa mkulima fulani, chini ya turubai na mavi ya kuku. Kijana aliyelinunua alikwenda vitani Vietnam na hakurudi. Mama yake hataki liguswe. Au mjane wake ataliuza kwa bei ya baiskeli kwa sababu hajui ni kitu gani. Boneti inapofunuliwa, ndani mna injini ambayo haikupaswa kuwamo. Mwisho wake huwa ni wa kukosa: msimulizi alipopata fedha na kurudi, banda lilikuwa limebomolewa, na gari halipo.

Tukilitazama kwa upande wa fani, jambo la kwanza linalojitokeza ni mnyororo wa mapokezi. Msimulizi hasemi kwamba aliliona gari kwa macho yake. Aliyeliona ni shemeji wa fundi aliyemfundisha kazi. Sisi tuliolelewa na walimu wa chuo tunaijua isnadi, na tunajua pia kwamba mwenye elimu hiyo huuliza kama kila kiungo kilikutana na mwenzake. Katika visakale hivi daima kuna kiungo kimoja kisicho na jina, nacho ndicho kinachobeba uzito wote. Kiungo hicho kikipewa jina, hadithi itageuka kuwa habari ya kuthibitishwa, na ikithibitishwa au ikikanushwa itakufa.

Jambo la pili ni namba. 426, 427, 429: msimulizi huzitaja ukubwa huo wa injini, kwa inchi za ujazo, kama mzee ataja vizazi vya ukoo wake, na hadhira huitikia kwa kuguna. Namba hizo zinafanya kazi ya majina ya sifa. Aliye nje ya ukumbi haambulii kitu. Aliye ndani anasikia ushindi, ajali na aibu za viwanda. Nilimsikia mzee mmoja, fundi wa zamani, akitamka "427" kwa sauti ya chini huku akifuta mikono kwa kitambaa, na wote tukanyamaza. Mwenye kudai kuwa huo si utambaji ana wajibu wa kutueleza utambaji ni nini.

Kuhusu asili ya hadithi hizi, mwanazuoni wa kutajwa ni Richard Dorson, ambaye wengi wetu tunamjua kwa kitabu alichohariri, African Folklore (1972). Dorson alikichunguza kisakale cha gari la maiti: gari zuri linalouzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu mtu alifia ndani yake na harufu haitoki. Alikifuata hadi kijiji cha Mecosta, Michigan, na kisa cha mwaka 1938 cha gari dogo la Ford, akaona amefika chemchemini. Jan Harold Brunvand alikieneza kisa hicho kwa wasomaji wengi katika The Vanishing Hitchhiker (1981). Wengine waliokuja baadaye hawakuridhika na chemchemi hiyo, nami nawaunga mkono, ingawa kwa sababu nyingine. Hata kama Mecosta palikuwa na gari, na gari likanuka, bado hatujaelezwa kwa nini watu wa miji mia moja mingine walilihitaji. Gari la maiti na gari la bandani ni hadithi moja iliyogeuzwa upande: yote mawili ni rahisi mno, na urahisi huo umelipiwa na marehemu. Katika la kwanza marehemu hatoki. Katika la pili ameacha urithi ambao hakuna anayeujua.

Yafaa kukiri kwamba ukweli wenyewe ulikilisha kisakale hiki kwa mkono mkunjufu. Mwaka 1969 Chevrolet ilitengeneza Camaro 69 zenye injini ya ZL1, lita saba, mwili wake wote wa alumini. Hazikuwa katika orodha ya kawaida. Ziliagizwa kwa namba ya siri ya ofisini. Muuzaji mmoja wa mji mdogo wa La Harpe, Illinois, Fred Gibb, aliagiza hamsini. Zilipofika, bei ilikuwa imepita dola 7,000, kwa kuwa injini peke yake iliongeza zaidi ya dola 4,000, na nyingi hakuweza kuziuza. Kwa nje zilifanana na Camaro ya mwalimu au karani. Kwa hiyo gari la ajabu lililovaa sura ya gari la kila siku lilikuwapo kweli. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Plymouth Barracuda ya 1971 isiyo na paa la chuma, yenye injini ya Hemi: zilitengenezwa kumi na moja hivi, na moja iliuzwa mnadani mwaka 2014 kwa dola milioni 3.5.

Lakini kisakale hakiridhiki na lililokuwapo. Ford iliunda mwaka 1964 injini ya 427 yenye kemshafti juu ya vichwa vya silinda. Wasimamizi wa mashindano ya NASCAR wakaikataa, na haikupata kutiwa kiwandani katika gari lolote la kuuzwa kwa umma. Iliuzwa peke yake. Pamoja na hayo, nimesimuliwa mara tatu juu ya gari lililotoka nayo kiwandani. Msimulizi wa tatu alipoelezwa kwamba haiwezekani, alijibu kwamba ndiyo sababu limefichwa.

Hapa ndipo mwanafilolojia anapojikuta nyumbani. Pale penye fedha nyingi, waghushi hawakosekani. Wapenzi wa magari hayo hutaniana kwamba ya aina fulani yaliyobaki ni mengi kuliko yaliyotengenezwa. Kwa hiyo umezuka usomi mzima wa kusoma vyuma. Katika Plymouth na Dodge za 1970 na 1971 herufi ya tano ya namba ya gari inataja injini, na R ni ya Hemi. Karatasi ya maagizo ya kiwandani, iliyokuwa ikiwaongoza wafanyakazi, mara nyingine huonekana hata leo imekwama katika springi za kiti cha nyuma. Mtu hufungua kiti kwa uangalifu uleule ambao sisi hufungua kwao mswada wa utenzi ulioliwa na mchwa, akitafuta jina la mnakili na tarehe. Injini iliyobadilishwa ni kama beti zilizopachikwa na mnakili wa baadaye: pengine ni nzuri kuliko za mwanzo, lakini si zake.

Kwa upande wa maudhui sina budi kuwa mkali. Mjane wa kisakale ni mjinga. Yeye ndiye mlango wa hazina, na hazina hupatikana kwa sababu hajui kilichomo ndani ya banda lake mwenyewe. Wasimulizi wote niliowasikia walikuwa wanaume, na wote walilipita jambo hili wakicheka. Sasa tulinganishe na gari lililopotea lenye sifa kuliko yote, Ford Mustang ya kijani iliyoendeshwa na Steve McQueen katika filamu ya Bullitt (1968). Yalitumiwa mawili. Moja lilionekana mwaka 2017 likiwa skrepu huko Baja California, Meksiko. La pili lilinunuliwa mwaka 1974 na familia moja, na McQueen mwenyewe aliwaandikia barua mwaka 1977 akiomba kulirudisha. Hawakumpa. Walilitunza kimya hadi 2018, na mwaka 2020 likauzwa kwa dola milioni 3.4 kabla ya ada za mnada. Na katika miaka ya mwanzo aliyekuwa akiliendesha ni mke wa nyumba hiyo, mwalimu wa shule, akienda nalo kufundisha watoto. Mwanamke wa kweli alijua ana nini, akalitumia, akanyamaza. Kisakale hakikuwa na nafasi ya mtu kama huyo, na huu ni udhaifu wa kisanaa, si wa kimaadili tu: hadithi ya mwalimu yule ina mvutano ambao hadithi ya mjane mjinga haiwezi kuufikia.

Kuna na gari la Tulsa, Oklahoma. Mwaka 1957 watu wa mji huo walifukia Plymouth Belvedere mpya ndani ya chumba cha zege, wakatia na petroli kwa kuhofu kwamba miaka hamsini baadaye haitakuwa ikitumiwa tena. Lilipofukuliwa mwezi wa Juni 2007 mbele ya umati, maji yalikuwa yameingia zamani. Lilitoka donge la kutu. Mshindi wake, aliyekuwa amekisia idadi ya wakazi wa 2007, alikwisha kufa mwaka 1979. Hapakuwa na kiungo kisicho na jina: mahali palijulikana, tarehe ilijulikana, shimo lilifunguliwa kweli.

Narudi kwenye hadithi ya kumi. Nimeisoma upya, nami naona haifanani na ya mjane. Katika hii ya kwetu mwenye gari anajua thamani yake, na analifukia kwa sababu anajua. Wanaozuiwa ni wageni. Mashindano ya Safari yalianza 1953, na mara nyingi timu za viwanda vya ng'ambo zilikuja na magari yao na kuondoka nayo. Joginder Singh alipoyashinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na wengine, mafundi wa nchi hii walipata gari la kusimulia ambalo halikuwa limeletwa kwa meli kwa ajili ya siku nne na kurudishwa. Kufukia ni kukataa kuuza. Hilo ni dhamira, tena ni dhamira ambayo zile ngano tisa za fisi, kama zilivyoandikwa na mwanafunzi wangu, hazikuwa nayo.

Nilimwita ofisini nikamuuliza shimo lenyewe alilichimba nani. Akajibu kuwa ni mjomba wa yule fundi aliyemsimulia, na kwamba mjomba huyo yu hai, lakini hataki kuulizwa. Neno "porojo" nimelifuta, na alama nimempa. Nimemtaka pia arudi gerejini, akayaandike maneno ya fundi kama yalivyotamkwa, pamoja na miguno ya waliokuwapo.