Mwinjilisti na Mimbari ya Mtaa

Katika sharika nyingi za Kilutheri nchini Tanzania mchungaji ni mmoja na mitaa ni kadhaa. Mchungaji huja mtaani kwa zamu, akabatiza, akagawa Meza ya Bwana, na Jumapili inayofuata yuko mtaa mwingine. Siku zilizobaki kanisa la mtaa, lile dogo la matofali na mabati lenye kengele ya rimu ya gari, liko mikononi mwa mwinjilisti. Yeye ndiye anayeongoza ibada na kuhubiri, yeye ndiye anayeitwa usiku mgonjwa akizidiwa, na Jumamosi yeye ndiye anayekaa na watoto wa kipaimara. Mtu akitaka kujua Wakristo wa vijijini wamelelewa na mahubiri ya nani, asianzie kwa maaskofu.

Ninataka kumsifu mtu huyu kwa ufundi wake. Uvumilivu wake husifiwa kwenye sherehe za kustaafu, na ni haki yake. Ufundi wake husifiwa mara chache, kwa sababu ukifanyika vizuri hauonekani: watu hutoka kanisani wakizungumza habari za mashamba yao na watoto wao, na aliyehubiri hawamtaji.

Ugumu wa kuhubiri mtaani ni kwamba watu wanajuana mno. Mhubiri wa mjini akisema juu ya ndugu waliogombania urithi, kila msikilizaji humfikiria mtu wa mbali. Mwinjilisti akilisema neno hilohilo kwenye kanisa dogo, shingo zinageuka. Kila mtu anajua ni akina nani waliong'oa masale ya mpakani, masale yaleyale ambayo Mchagga huyatumia pia kuombea msamaha. Anajua nani hajapeleka ada ya mtoto na fedha imekwenda wapi. Hapo ndipo wahubiri wengi wanapoanguka. Mtu anapanda mimbarani na kisa cha juma, anakizungusha bila kutaja jina, na hakuna asiyemjua anayesemwa. Hivyo ni vijembe, hata vikiwa na aya za Biblia mbele na nyuma. Aliyepigwa kijembe kanisani hatubu. Hukaa nyumbani Jumapili mbili tatu, kisha huhamia dhehebu jingine, na waliobaki hutoka na furaha mbaya kwamba leo kapewa yake. Nimewaona wahubiri wenye sauti nzuri na elimu ya kutosha wakivunja mtaa kwa njia hii, nami sidhani kama wote walijua wanachokifanya.

Kinga ya kwanza ni kalenda. Kanisa limekwisha kupanga masomo ya kila Jumapili ya mwaka, na mwinjilisti mwaminifu huhubiri lililopangwa. Wapo wanaoona kwamba kalenda inamzuia Roho. Mimi naona inawalinda wasikilizaji. Somo la leo halikuchaguliwa kwa sababu ya ugomvi wa Alhamisi. Lilikuwepo kabla ya ugomvi, na kila aliyekaa kwenye benchi anajua hivyo.

Kinga ya pili ndiyo ufundi wenyewe, nayo ni mfano. Daudi alikuwa amemchukua mke wa Uria na kumfanyia Uria hila afe vitani. Nabii Nathani alipotumwa kwake hakuanza na mashtaka. Alimpelekea mfalme kesi ya tajiri mwenye makundi ya kondoo aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja, na mfalme akawaka hasira, akatoa hukumu kabla hajajua kesi ni ya nani. Yesu alihubiri vivyo hivyo vijijini, kwa watu waliojuana kama tunavyojuana sisi: mpanzi na mbegu zake, mwanamke anayefagia nyumba akitafuta sarafu, baba mwenye wana wawili, msimamizi anayekaribia kufukuzwa kazi. Msikilizaji anaingia kwenye kisa kwa hiari yake, na akifika katikati anakuta amekwisha kusema alilo nalo moyoni.

Nimemsikiliza mwinjilisti mmoja, huko kwenye migomba na kahawa ya mteremko wa Kilimanjaro, akihubiri Mathayo 20, habari ya mwenye shamba la mizabibu na vibarua wake. Msimu wa kahawa ulikuwa umeisha karibuni, na maneno ya nani kalipwa na nani bado yalikuwa ya moto. Alisoma, akafunga Biblia, akaanza kusimulia upya, polepole, akifuata saa.

Hapa msikilizaji wa Kiswahili ana bahati. Saa za kisa kile zinahesabiwa tangu macheo, kama tunavyohesabu sisi. Mwenye shamba alitoka alfajiri, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Kwetu hakuna la kueleza. Kila aliyemo kanisani anajua jua liko wapi saa sita, na anajua kwamba saa kumi na moja jioni mwenye jembe begani hatafuti tena kazi. Anatafuta namna ya kuingia nyumbani bila kuulizwa.

Mwinjilisti alikaa kwenye saa hiyo ya kumi na moja kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alieleza wanaume wanavyosimama. Wenye nguvu huchukuliwa asubuhi, alisema. Wanaobaki ni mzee, ni mwenye mguu mbaya, ni kijana ambaye watu wamesikia habari zake. Wanahama na kivuli kadiri jua linavyosogea. Mwenye shamba anawauliza kwa nini wamekaa kutwa bila kazi, nao wanajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Mwinjilisti akanyamaza kidogo, akauliza: "Jibu hilo, ninyi mngeliamini?"

Kisha akafika kwenye malipo, na hapo akafanya jambo ambalo asiye fundi angelikwepa. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa kutwa. Lakini kule mchumaji wa kahawa halipwi kwa siku, analipwa kwa debe. Aliyechuma matano hulipwa matano, aliyechuma moja hulipwa moja, na watoto wanaijua hesabu hiyo kabla ya kujua kusoma. Kwa kipimo hicho kisa kinaudhi hata zaidi ya kilivyowaudhi waliokisikia kwanza. Angeweza kukilainisha. Angeweza kukimbilia haraka neno neema, ambalo husikika vizuri na halimgusi mtu. Badala yake alisema, "Huyu wa saa kumi na moja hajajaza hata nusu debe. Kapewa sawa na wewe."

Bibi mmoja upande wa akina mama akasema kwa sauti, "Hiyo si haki, Mwalimu."

Watu wakacheka. Naye akaitika, "Ndivyo walivyosema na wao, Bibi."

Hakuongeza. Aliyaacha manung'uniko yaenee mpaka yakawa ya kanisa zima, ndipo akauliza la mwisho: huyu wa saa kumi na moja angerudi nyumbani na ujira wa saa moja, watoto wake wangekula nini usiku ule, na ni nani kati yetu aliyekuwa akitamani walale hivyo? Akasema Amina, akashuka.

Nimelifikiria sana swali lile. Angeweza kuagiza kwamba wenye mashamba wawalipe vibarua vizuri, au kwamba waliochelewa maishani wasikate tamaa, na yote yangekuwa kweli. Lakini agizo ni rahisi kumgawia jirani: mwenye shamba angempelekea kibarua, kibarua angempelekea mwenye shamba, na kila mmoja angeenda zake mikono mitupu. Swali lile halikugawika. Bibi aliyesema si haki alikuwa amelijibu kabla halijaulizwa, na wengi wetu tulikuwa pamoja naye. Nje, wakati wa mnada wa sadaka za mazao, mkungu wa ndizi na trei la mayai vikinadiwa, wanaume wawili bado walikuwa wakibishana kama mwenye shamba yule angepata kibarua hata mmoja kesho yake alfajiri. Ni ubishi wa maana, na Injili haikuumaliza.

Ufundi huu umeshuka kwa watu. Wamisionari wa Leipzig walifika Uchaggani mwaka 1893, na kazi yao haikukaa muda mrefu kabla ya kutegemea walimu wenyeji, waliofundisha shule siku za kazi na kuongoza ibada Jumapili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipowaondoa wamisionari wa Kijerumani mwaka 1920, makanisa ya Kilimanjaro hayakufungwa. Walimu waliyashika. Hawakuwa na maktaba za vitabu vya ufafanuzi. Walikuwa na Maandiko, na walikuwa na wasikilizaji waliolima nao bega kwa bega. Mtu anayejua kwamba kesho atakutana na msikilizaji wake kwenye mfereji, kila mmoja akingoja zamu yake ya maji, hahubiri ovyo. Stefano Moshi, mkuu wa kwanza wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilipoundwa mwaka 1963, alitoka katika ualimu huo.

Na zamani sana kabla yao, kaskazini mwa bara hilihili, alikuwepo Augustino, askofu wa Hippo, mji wa bandari ulioko Algeria ya leo. Kabla ya ubatizo alikuwa akiishi kwa kufundisha ufasaha wa Kilatini. Alipokuwa mhubiri alikubali maneno ya kawaida ya watu wa bandarini, akaona ni afadhali wanasarufi wamlaumu kuliko waumini wasimwelewe. Mwinjilisti wangu anapoliacha neno upatanisho na kuzungumzia daftari la madeni la dukani, jina la mtu likikatwa kwa kalamu mbele ya macho yake, anafanya kazi ya Augustino, awe amemsoma au hajamsoma.

Kuhusu urefu, Papa Fransisko alisema mwaka 2024 kwamba mahubiri yasizidi dakika nane, watu wasije wakasinzia. Nakubaliana naye nusu. Bibi aliyeanza kupanda mlima tangu saa moja asubuhi hakuja kwa dakika nane. Ishirini ni haki yake, mradi ziwe za jambo moja. Asiyejiandaa utamjua akifika kwenye "na jambo la nne".

Kujiandaa kwenyewe hakuishii mezani. Mwinjilisti wangu husoma somo mapema, Jumatatu akiweza, kisha hutembea nalo. Anakwenda nalo msibani, kwenye foleni ya zahanati, kwenye mkutano wa chama cha msingi ambako wakulima wanangoja kuambiwa malipo ya pili ya kahawa. Anauliza bei. Hili la bei nalisisitiza, kwa kuwa mhubiri asiyejua debe la mahindi linauzwaje wiki hii hajui anaombea nini anapoomba mkate wa kila siku. Na katika kutembea huko anakusanya mengi asiyoyatumia. Anajua nani alilia na kwa nini; anajua fedha ya ada ilikwenda wapi. Siku ya Jumapili yote hayo anayaacha chini ya mimbari. Kujizuia huko ni sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo inayowafanya watu waendelee kumfungulia milango.

Siku hizi vipaza sauti vya mikutano ya barabarani vinaahidi gari, viza na mume kabla mwaka haujaisha. Siwadharau wanaokwenda, kwa maana wanakwenda na shida za kweli. Ninachosikitikia ni kwamba maisha yao ya kila siku hayana nafasi mle isipokuwa kuwa jambo la kukimbiwa. Mgonjwa wa sukari anayepaswa kupikiwa tofauti, ng'ombe aliyeacha kutoa maziwa, mkwe mkali, mtoto aliyeshindwa mtihani: kwenye mimbari ya mtaa hao ndio Injili inawatafuta, wakiwa hivyohivyo walivyo leo.

Mwinjilisti yule anawarithisha vijana kazi hii kwa namna ninayoipenda. Kwenye jumuiya, ibada inapofanyika nyumbani kwa mtu, humpa kijana mmoja dakika tano na masharti mawili: Biblia ifungwe baada ya kusoma, na maana isielezwe. Simulia tu. Binti mmoja wa kidato cha pili alipewa mfano wa mwanamke aliyechanganya chachu katika vipimo vitatu vya unga. Alikuwa ameambiwa kwamba kwa makadirio ya wataalamu wengi unga huo ulikuwa karibu lita 40, naye akaigeuza hesabu kwa lugha ya nyumbani: madebe mawili. Akaonyesha kwa mikono ukubwa wa beseni. Akasema mama yule alikanda mpaka mabega yakamuuma, akabadilisha mkono, akafunika kwa kanga mbili maana moja haikutosha, akaliweka beseni karibu na mafiga.

Wapo akina mama pale wanaouza maandazi stendi. Mpaka hapo walikuwa wakimsikiliza mtoto kwa adabu. Sasa wakaanza kumsikiliza kama watu wa kazi. Mmoja akasema unga huo ni wa harusi. Mwingine akabisha, harusi hailiwi mikate mitupu, huo ni wa msiba wa mtu mkubwa. Hapo mwenye nyumba, birika la chai likiwa mkononi, akauliza, "Mwanangu, kwani huyo mama alikuwa amewaalika akina nani wote hao?"

Binti akamgeukia mwinjilisti. Naye akamwambia, "Umeulizwa wewe."