Fenesi Linataka Fundi

Matufaha ya Kampala mengi huja kutoka Afrika Kusini, yameng'arishwa na kupangwa kwa safu. Yapo pia ya Kabale, kule milimani kwenye baridi. Lakini uani kwetu mti ni mfenesi, na tufaha halijui taabu yake: tufaha unalisuuza, unaling'ata, basi. Fenesi linataka fundi.

Kazi huanzia sikioni. Jjajja mmoja, mzee jirani yetu hapa mtaani Kisaasi, huyagonga kwa konzi mafenesi yaliyoning'inia shinani, kisha husikiliza. Changa hulia kwa sauti kavu, ngumu. Lililokomaa huitika kwa sauti nzito, yenye uwazi ndani. Huangalia pia kama miiba imelala na kuachana, na kama kijani kimeanza kufifia. Mjukuu kashika panga tayari. "Jjajja, tulikate?" "Bado, mwanangu. Hilo bado linadanganya."

Kulishusha nako si mchezo. Fenesi kubwa huweza kupita kilo 30. Likianguka hupondeka ndani na kuoza upande mmoja kabla ya kuiva. Kamba kwanza, panga baadaye. Kikonyo kikikatwa, liache nje lichuruzike ulimbo, kisha lifunike gunia kivulini siku chache. Likiwa tayari halina haja ya kutangazwa. Harufu itakufuata chumbani.

Kabla ya kupasua, paka kisu na viganja mafuta ya kupikia. Asiyefanya hivyo atashinda akijisugua, maana sabuni na maji haviuwezi ulimbo hata kidogo. Wauzaji wa barabara ya Jinja huvaa mifuko ya plastiki mikononi, nami siwalaumu, ila kidole kilichopakwa mafuta huhisi vizuri zaidi pale nyama inapoachana na nyuzi. Pasua kwa urefu, kata moyo wa katikati ambako ulimbo umejaa, futa kwa jani la mgomba, kisha libinue ganda kwa nje: vipande vya manjano vitajitokeza vyenyewe.

Kuhifadhi? Hapo fenesi halikubali. Friji italitunza siku chache tu, na maziwa yako yatanukia fenesi. Lililoiva ni la kugawa siku ile ile: bakuli kwa mpangaji wa nyuma, sahani kwa walinzi wa getini, maganda kwa mbuzi. Mtu na mkewe hawalimalizi, hata wakijitahidi.

Kinachowekwa ni kokwa, na ndizo watu wanazozitupa jalalani, jambo linaloniudhi kila msimu. Zioshe utelezi uishe, zianike zikauke, halafu zichemshe kwa chumvi mpaka zilainike, au zichome kwenye jivu la moto. Menya ngozi nyeupe, kula na chai ya jioni. Kwa hiyo ukinunua kipande chako sokoni Kalerwe leo, kula nyama hapo hapo ukitaka, lakini kokwa rudi nazo nyumbani.