Mwokozi, mwokoaji na manusura: nani kamtoa nani?

JUZI nikiwa kwenye matatu kutoka Machakos kuelekea Nairobi, nilimsikia mtangazaji wa redio akisema kuwa ‘manusura walifika haraka wakawatoa abiria’ ndani ya gari lililopinduka. Jirani yangu kitini akaguna: “Sasa hao waliotolewa tuwaiteje?” Swali hilo ndilo lililozaa makala haya.

Manusura asili yake ni Kiarabu. Mzizi wake ndio uliotupa kitenzi ‘nusuru’ na majina kama Nasoro na Mansuri. Umbo la Kiarabu, mansur, ni la mtendwa: aliyesaidiwa. Kwa hivyo manusura ni aliyeponea chupuchupu, wala si aliyemponya.

Anayeokoa ni mwokozi au mwokoaji. Yote mawili yanatokana na ‘okoa’, ila hayakuzaliwa siku moja. Hiyo ‘z’ ya mwokozi ni kivuli cha ‘l’ ya kale iliyodondoka. Bado twaiona katika ‘okolewa’. Ikifuatwa na kiambishi -i hugeuka z, jinsi lea inavyozaa mlezi na komboa ikazaa mkombozi. Waganda wameihifadhi zaidi. Kwao ni mulokozi, na kwao ndiko tulikoazima mlokole, aliyeokoka, neno lililosambaa na uamsho wa Kikristo wa miaka ya 1930. Kumbe mlokole na mwokozi ni ndugu wa toka nitoke!

Lakini kanisa limemtwaa mwokozi kiasi kwamba tunasita kumwita mzimamoto au mpiga mbizi hivyo. Hapo ndipo -aji, kiambishi cha atendaye kwa kazi au mazoea, kinapotufaa: mwokoaji, kama msomaji na mwimbaji. Wapo waandikao ‘muokoaji’. Mimi nashikilia mw-, kama katika mwoga.

Je, huu ni ubishi wa walimu tu? Hapana. Machi 2001, moto katika Shule ya Upili ya Kyanguli, papa hapa Machakos, uliwaua wavulana zaidi ya 60. Katika msiba kama huo, mzazi akisikia ‘manusura’ hutega sikio kwa jina moja tu: la mwanawe. Tukimtajia aliyebeba ndoo ya maji au kuvunja dirisha, tumempa tumaini la uongo.

Ndugu mwanahabari, kabla hujafungua kinywa, jiulize: nani kamtoa nani?