Maharage Yasiyo na Jiwe

Juni na Julai, wakati Ulaya inavua makoti, Njombe inavaa sweta la pili. Kiangazi cha huku ni cha baridi. Mvua zilizoanza Novemba zimeshakatika, anga halina wingu, jua linawaka bila kuchoma, na katika mabonde yenye baridi kali umande wa alfajiri huganda juu ya majani. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukiteremka kilomita zipatazo 60 hadi Makambako, baridi inapungua kidogo na nafasi yake inachukuliwa na upepo.

Ndicho kipindi cha likizo ya katikati ya mwaka. Watoto wako nyumbani mchana kutwa, mahindi yamesimama shambani yakimalizia kukauka, bustani za mabondeni ziitwazo vinyungu zinataka palizi, na maharage yameshang'olewa, yamerundikwa uani yakisubiri mkono wa mama.

Mama wa nyumbani wa Njombe hufanya kazi nyingi mno kwa siku moja, hata hakuna inayopewa heshima ya kuitwa ufundi. Fundi ni mwashi, ni seremala, ni yule wa cherehani. Lakini kaa uani kwake siku anayosafisha maharage, usimsemeshe, tazama mikono tu. Utaona kazi yenye hatua zake, yenye makosa yanayojulikana na njia za kuyaepuka, na yenye daraja: kuna anayejua, kuna anayejua zaidi, na kuna yule ambaye majirani humletea ungo wao kimyakimya wanapokuwa na wageni.

Hatua ya kwanza ni kupura. Asubuhi hakipuriwi kitu, kwa sababu ukungu wa usiku umelainisha maganda, na ganda laini hupigwa bila kufunguka. Mama anasubiri jua lipande. Anaokota ganda moja, analibana kati ya kidole gumba na cha shahada, anasikiliza. Likipasuka kwa mlio mkavu, vijana wanaitwa na fito zao na turubai linatandikwa. Hapo kazi yake ni kuwazuia wasipige kwa hasira. Kijana wa miaka 14 aliye likizo ana nguvu kuliko akili, na akiachiwa fimbo atapasua punje. Punje iliyopasuka haioti ikipandwa, na sokoni huwapa wanunuzi sababu ya kushusha bei. "Taratibu, mwanangu, hujagombana nayo," mama atasema, na fito zitashuka kwa mapigo mafupi, upande hadi upande.

Mashina yakishaondolewa hubaki lundo lenye kila kitu: maharage, maganda yaliyovunjika, vumbi, majani, udongo ulioganda kwenye mizizi, na vijiwe. Kwa jicho la mgeni lundo hilo ni la kukatisha tamaa. Kwa mama ni vitu vya uzito tofauti vilivyochanganyika, na kila kimoja kina njia yake ya kutoka.

Makambako kuna msaidizi asiyelipwa. Mji huu umekaa mahali pa kupishana: barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapa, ile ya Njombe na Songea inaanzia hapa, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ina stesheni hapa. Upepo nao umefanya hapa njia yake. Kwa miaka ya karibuni wawekezaji wameupima kwa vifaa wakitafuta kuzalisha umeme. Akina mama walishaupima zamani kwa viganja. Mama anachukua makapi kidogo, anayaachia kutoka usawa wa bega, anatazama yanakoangukia. Kisha anasogeza turubai.

Hapa ndipo ufundi unapoanza kuonekana waziwazi. Hasimami akiuelekea upepo, maana makapi yatamwingia machoni. Hasimami akiupa mgongo, maana mwili wake utaukinga. Anasimama ubavu. Ungo unapanda, unainama kidogo upande mmoja, na maharage yanashuka kwa mkondo mwembamba. Mkondo ukiwa mnene, makapi ya katikati hayafikiwi na upepo, yanaanguka pamoja na punje. Upepo ukiwa dhaifu, ungo unapanda juu zaidi ili punje zisafiri njia ndefu. Ukiwa mkali, ungo unashushwa hadi kiunoni, la sivyo hata maharage madogo yatapeperushwa nje ya turubai. Upepo hauamriwi na mtu. Mama anachoamuru ni kimo cha ungo na unene wa mkondo, na kwa vitu hivyo viwili anautumikisha.

Kuna upepo anaoukataa. Ule unaotoka upande wa barabara chini chini, umebeba vumbi la malori, huleta uchafu mwingi kuliko unaoutoa. Binti aliyeinua ungo wake kwa pupa anaambiwa ashushe. Mama anavua kanga ya begani, anafunika maharage yaliyokwisha safishwa, anageuza uso, anangoja. Upepo wa vumbi unapita, unafuata ule safi, kanga inaondolewa, kazi inaendelea. Hakuna aliyemfundisha binti kwa maneno kwamba kungoja nako ni kazi.

Wanaosoma Biblia katika nyumba hizi hawahitaji maelezo marefu wanapofika kwenye uwanja wa kupuria. Katika kitabu cha Ruthu, sura ya 3, Boazi anapepeta shayiri usiku, na mama wa Makambako anaelewa mara moja kwa nini usiku: ndio wakati upepo wa mahali pale ulipofaa. Yohana Mbatizaji, katika Mathayo sura ya 3, anamtaja yule ajaye akiwa na chombo cha kupepetea mkononi. Na katika Luka sura ya 22, Yesu anamwonya Simoni kwamba Shetani ametaka kuwapepeta wanafunzi kama ngano. Mhubiri wa mjini hutumia dakika kadhaa kueleza mifano hii. Mtoto aliyeshika ungo jana alasiri ameshaielewa kwa mabega yake.

Wamisionari wa Berlin waliofika Kidugala mwishoni mwa karne ya 19, na Wabenediktini waliojenga Uwemba baadaye, waliwakuta wanawake wa Kibena, wenyeji wa huku, wakiijua kazi hii tayari. Ungo uliwatangulia. Maharage, kwa kweli, ni rahisi ukilinganisha na ulezi, nafaka ya zamani ya milima hii. Punje ya ulezi ni ndogo kuliko kichwa cha kiberiti na uzito wake haupishani sana na wa makapi yake. Aliyeweza kusafisha ulezi bila kupoteza nusu yake kwa upepo alikuwa na viganja vya kuaminiwa, na viganja hivyo ndivyo vilivyorithiwa.

Turudi uani. Baada ya upepo kuna ungo wa pili, mdogo na mwepesi, wa mianzi iliyochanwa myembamba. Huu hauhitaji upepo. Mama anauweka usawa wa tumbo, maharage vibaba viwili hivi ndani yake, na mikono inaanza. Anarusha juu kwa kifundo cha mkono, si kwa bega. Punje zinaruka pamoja na kuanguka pamoja, na vitu vyepesi vilivyobaki vinasogea mbele hadi ukingoni, ambapo pumzi fupi ya mdomo inavimaliza. Kisha mwendo unabadilika. Ungo hauruki tena, unazungushwa na kutikiswa kwa mapigo madogo ya haraka, ukiwa umeinama kidogo. Huku ndiko kupembua. Vumbi na changarawe ndogo zinapenya kati ya punje na kukaa chini, punje zilizosinyaa na zilizotobolewa na wadudu zinapanda juu na kujikusanya. Anazifagia kwa upande wa kiganja, anainamisha ungo, maharage yanateleza mbele, changarawe zinabaki nyuma. Mambo haya yote hutokea kwa muda mfupi kuliko wa kuyasoma. Ukimuuliza anajuaje ni lini abadilishe mwendo, atakujibu kwa ukarimu wote, "Utaona tu," na hatakuwa anakuficha kitu.

Kinachobaki baada ya hapo ni jiwe lenye ukubwa na uzito wa harage. Hilo halitolewi na upepo wala ungo. Linatolewa na jicho.

Kwa hiyo jioni, baridi ikishapiga mlango, jiko la mkaa linaingizwa sebuleni na dirisha linaachwa wazi kidogo, maana moshi usioonekana wa mkaa unaua. Mkaa wa huku mwingi ni wa miwati, mti uliopandwa kwa mashamba makubwa tangu kampuni ya Tanganyika Wattle ilipoanzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya magome yake ya kutengenezea ngozi. Sinia linawekwa katikati, watoto wanalizunguka, na kuchambua kunaanza. Kila mmoja anavuta maharage kidogo kuelekea kwake kwa kidole, anatupa jiwe, anasukuma safi upande wa pili. Mdogo kuliko wote ana macho makali kuliko wote, na anajua.

Nyumba ya Kilutheri itaimba wimbo mmoja wa kitabu cha Mwimbieni Bwana, nyumba ya Kikatoliki itasali rozari, na vidole havisimami. Nimeona watu wakitafuta utulivu wa sala kwa kutoka nyumbani na kwenda mbali. Mama huyu hana pa kwenda: ana watoto watano wa likizo, wawili wakiwa wa shemeji yake, na maharage ya kumaliza. Amezipa sala na kazi saa moja, na zote mbili zinafanyika.

Mafundi wote hufika mahali pa kuamua kwamba inatosha. Wapwani wana methali, mchagua nazi hupata koroma. Huku hakuna mnazi hata mmoja, lakini hekima hiyo wanaijua. Mama anayechambua mno atatupa punje nzuri kwa sababu ya doa la ngozi, na chakula cha watoto kitapungua. Anayechambua haba atasikia jiwe likilia chini ya jino la baba mkwe. Kati ya hayo mawili kuna kipimo, na kila mwaka, kulingana na mvua na wadudu, kipimo hicho kinasogea.

Debe la kwanza lililo safi halipikwi. Linawekwa kando kwa sikukuu ya mavuno. Kanisani, baada ya ibada, sadaka za mazao hupigwa mnada nje: kuku, mikungu ya ndizi, mahindi, mayai, maharage. Mnadi anainua debe, waumini wanasogea, na mikono inaingia kuhakikisha. Hapo ndipo kazi ya uani inapoonekana mbele ya watu kwa dakika moja. Wanawake wanajua debe hili limetoka kwa nani bila kutajiwa jina, na bei inapanda hadi pale ambapo maharage ya kawaida hayafiki. Mama mwenyewe amekaa kwenye benchi na wenzake wa kwaya, anatazama kwingine.

Siililii mikono iliyochubuka. Mashine za kupukuchua mahindi zinazozunguka vijijini zimewaokoa akina mama na siku nyingi za malengelenge, na ikija mashine nafuu ya kusafisha maharage ya nyumbani, wataipokea kwa vigelegele, nami nitavipiga pia. Lakini kwa madebe matatu au manne ya familia, ungo bado ndio mashine, na anayeutumia ni mtaalamu ambaye hatujazoea kumlipa kama mtaalamu. Tatizo la ufundi huu ni kwamba ukifanywa vizuri hauonekani. Unakula, hakuna kinachogonga jino, unasifu chumvi na kitunguu.

Basi ukishuka Makambako, kwa basi au kwa treni, ukakuta mama ameketi nyuma ya ndoo ya maharage ya Kablanketi, msalimie, "Kamwene," kisha tia mkono hadi chini ya ndoo. Usipokuta vumbi wala jiwe, usiombe kupunguziwa. Lipa bei aliyotaja.