Futi Kabla ya Rangi

Fundi mzuri wa kukarabati nyumba ya kuuza, ukimpeleka Mazinde, haanzi na ukuta. Anakwenda hadi katikati ya lami ya barabara kuu iendayo Moshi, anamshikisha kibarua ncha ya futi kamba, wanapisha lori, kisha anaivuta hadi barazani. Anatafuta mita 30. Sheria ya Barabara ya 2007 ndiyo iliyoweka hifadhi ya kiasi hicho kila upande kutoka katikati. Zamani ilikuwa 22.5. Waliojikuta ndani ya zile saba na nusu za nyongeza walichorewa X ya kijani, wasubiri fidia. X nyekundu haina fidia. Kupiga lipu mpya kwenye nyumba ya namna hiyo ni kumuuzia mtu kesi.

Barabara ndiyo iliyovuta watu hapa tangu zamani. Semboja, mtawala wa ukoo wa Wakilindi, aliweka makao yake Mazinde karne ya 19 ili awe karibu na njia ya misafara. Hata leo mnunuzi huulizia kwanza chumba cha mbele, afungue duka. Lakini kwa kuwa chumba hicho ndicho kilicho karibu zaidi na hifadhi ya barabara, fundi ninayemsifu humshauri mwenye nyumba fedha ziende vyumba vya nyuma.

Halafu huuliza karatasi, ingawa wengi wanaona hiyo si kazi ya mshika mwiko. Kama ni ardhi ya kijiji, mauzo yapite halmashauri ya kijiji. Balozi na mashahidi wawili hawatoshi. Kama ni kiwanja kilichopimwa kwenye eneo la mipango miji, kuongeza chumba kunataka kibali cha ujenzi cha halmashauri ya wilaya. "Na mama nyumbani amekubali, mzee?" Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe bila ridhaa ya mwenza, na swali hilo hunyamazisha watu kuliko bei ya saruji.

Ukutani ndiko anakochukua muda. Anagonga lipu kwa mpini wa nyundo, sikio karibu. Panapolia utupu, lipu imeachana na tofali, anapazungushia chaki. Penye ufa hazibi. Anabandika kidonge cha saruji kukatiza ufa, anakichora tarehe kwa msumari, anakiacha kipitiwe na masika. Kikipasuka, msingi bado unacheza, na kazi ni kutafuta maji yanakopita. Kikibaki kizima, ufa umetulia: anaupanua kwa tindo, anaulowesha, anaujaza. Mwenye haraka ataona wiki zinakwenda bila kitu kubadilika. Mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Nyumba ya miti na udongo inamdai zaidi. Udongo huvimba na kusinyaa kwa unyevu, saruji haifuati, ndiyo maana lipu hubanduka vipande vizima. Anakwaruza ukuta, anagongomea wavu wa kuku, anapiga tabaka jembamba, kisha linamwagiliwa asubuhi na jioni wiki nzima, kwani joto la tambarare hili hukausha saruji kabla haijashika.

Dari ya jipsamu, ambayo kila muuzaji anaitamani, huwa anaikataa. Mnunuzi mjuzi anataka kuziona kenchi ajue kama mchwa amepita, na akikuta zimefunikwa wiki moja kabla ya mauzo, atashusha bei.