Ukomo wa Mlingano wa Lindblad katika Kueleza Upotevu wa Nishati wa Mifumo Wazi ya Kwanta

Mlingano unaobeba jina la Göran Lindblad, ambao Gorini, Kossakowski na Sudarshan nao waliufikia kwa njia yao mwaka uleule wa 1976, ni nyenzo ya kila siku ya watafiti wa mifumo midogo ya kwanta inayopoteza nishati kwa mazingira yake. Unapendwa kwa sababu hautoi kamwe uwezekano ulio chini ya sifuri. Tatizo huanza pale sifa hiyo ya kihisabati inapochukuliwa kuwa dhamana ya kifizikia.

Mwaka 2014 Amikam Levy na Ronnie Kosloff walichunguza vitetemi viwili vilivyounganishwa, kimoja kikigusa hodhi la joto na kingine hodhi la baridi. Katika mkabala wa kimahali, athari ya kila hodhi huandikwa kana kwamba kitetemi kinacholigusa kiko peke yake. Kwa mkabala huo, mwelekeo wa joto huamuliwa na kasi ya mtetemo ikigawanywa kwa halijoto ya hodhi husika. Uwiano wa upande wa baridi ukiwa mdogo kuliko wa upande wa pili, joto hutiririka kutoka penye baridi kwenda penye moto bila kazi yoyote kufanyika, jambo ambalo kanuni ya pili ya themodinamiki hailiruhusu. Uwezekano wote, hata hivyo, hubaki halali; mlingano hautoi onyo.

Mkabala wa jumla, unaoanzia kwenye viwango vya nishati vya mfumo mzima, huirejesha kanuni hiyo. Lakini nao hudai kwamba nafasi kati ya viwango iwe kubwa kuliko kasi ya upotevu wa nishati. Vitetemi vikiwa vya kasi moja na kiungo chao kikidhoofishwa hadi kukaribia sifuri, mkabala huu bado hutabiri mkondo wa joto, kana kwamba joto lapita penye daraja lililovunjwa.

Mwaka 2018 Gabriele De Chiara na wenzake walionyesha kwamba mkabala wa kimahali ukitokana na migongano ya kurudiarudia, kuwasha na kuzima kiungo hugharimu kazi, na kazi hiyo ikihesabiwa kanuni ya pili husalimika. Hoja ni imara, ila haimfai mtafiti ambaye katika maabara yake hakuna kinachowashwa wala kuzimwa.

Suala hili si la nadharia tupu. Kyubiti ya gigahezi 5 iliyopozwa hadi milikelvini 20 ingepaswa kukutwa katika kiwango cha juu chini ya mara 1 katika 100,000. Vipimo vya saketi zinazopitisha umeme bila ukinzani vimeonyesha mara nyingi kiasi kikubwa zaidi, kwa kuwa jokofu si mazingira pekee yanayoigusa kyubiti. Mshauri wa sera anayepokea makadirio ya uwezo wa kompyuta za aina hiyo ana haki ya kuuliza halijoto iliyoingizwa katika mlingano ni ya nini: ya kyubiti yenyewe, au ya kipimajoto cha jokofu.